Mama Kando ya Lami

Mama yangu hakukimbilia gari. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu wanaosema, "Yule bibi naye alikimbilia gari." Uongo mtupu! Mama alikuwa na miaka sitini na kitu, goti moja lilikuwa linamsumbua tangu masika, na kichwani alikuwa amejitwika mkungu wa ndizi. Mtu wa namna hiyo akimbie aende wapi? Alivuka barabara kama alivyovuka siku zote, taratibu, akiangalia huku na huku. Gari ndilo lililomfuata yeye.

Ilikuwa miaka ya ruksa, ile miaka ambayo kila kitu kilianza kuuzwa na kila mtu akataka kuwa mfanyabiashara. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka mpaka watu wakang'oa mibuni waliyoachiwa na baba zao, wakapanda nyanya. Sisi hatukung'oa, mama alikataa katakata, ila kahawa haikutulisha tena. Tulikula kwa ndizi na kwa maziwa. Basi kila siku ya gulio tulishuka mimi na mama kutoka kwetu Machame mpaka Kwa Sadala, kila mtu na mkungu wake, na pale soko liko pua na mdomo na barabara kuu ya kwenda Arusha. Zamani gari lilikuwa likipita tunageuka kuangalia. Sasa yalikuwa yanapita mfululizo, mapikapu ya mitumba kutoka ng'ambo, mabasi yanayoshindana, na sisi watu tulikuwa bado wale wale wa zamani.

Siku hiyo mimi nilitangulia kuvuka. Saa nne asubuhi, jua limeshachoma. Nilikuwa nimetua mkungu wangu chini na nimeanza kubishana na mchuuzi mmoja wa ndizi, nikasikia breki, halafu kishindo. Nikageuka. Nilichoona kwanza ni ndizi zimetapakaa juu ya lami. Mama nilimwona baadaye, yuko ng'ambo ya barabara, amelala kwenye changarawe, mkono mmoja umeingia chini yake.

Pikapu iliyomgonga ilisimama mbele kidogo. Dereva akatoa kichwa dirishani, akatazama nyuma, akaona watu wanakuja mbio, akakanyaga mafuta. Simtetei, Mungu anisamehe, lakini najua alichokiona. Aliona mawe. Kwetu dereva akigonga mtu sokoni halafu akashuka, anaweza asiondoke na meno yake. Namba ya gari hakuna aliyeishika, au aliyeishika aliimeza.

Nilimfikia mama. Alikuwa anapumua, macho yamefumba, damu inamtoka nyuma ya sikio. Mguu wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Na gauni, jamani, gauni lilikuwa limepanda mpaka mapajani. Mama yangu! Mwanamke ambaye hata kwenda bandani kukamua ng'ombe haendi bila kujifunga khanga, sasa yuko wazi mbele ya soko zima. Nilivua khanga yangu kiunoni nikamfunika miguu. Nikaona jua linampiga usoni na inzi wameanza kuizunguka ile damu. Nikaivuta khanga juu zaidi, nikamfunika mpaka kichwani. Nikaikunjia vizuri pembeni isipeperuke. Niliona nimefanya jambo la adabu, jambo ambalo binti aliyelelewa hulifanya.

Halafu nikainua macho niombe msaada.

Watu walikuwa wamejaa, wamesimama duara, hatua kama tano kutoka tulipo. Siyo watu wa mbali. Nusu yao tulikuwa tunasalimiana kila gulio. Nikawaambia, "Nisaidieni tumwinue!" Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja mwenye koti akasema kwa sauti ya kujua mambo, "Asiguswe mpaka polisi waje." Mwingine akadakia, "Na ukimbeba, wewe ndiye shahidi. Utaacha kazi zako kila wiki uko mahakamani." Wa tatu alikuwa na kisa cha shemeji yake, aliyemwokota mtu barabarani akampeleka hospitali, akaulizwa karatasi ya polisi, akaenda polisi kuitafuta, akalala ndani siku mbili akiambiwa yeye ndiye aliyegonga. Nao wakamsikiliza! Mama yangu yuko chini, na watu wanasimuliana visa vya shemeji.

Kuna mama mmoja muuza dagaa ambaye meza yake ilikuwa jirani na mahali petu pa kuuzia. Miaka mitano tumekaa bega kwa bega, tumegawana maji, tumeshikiana biashara mmoja akienda msalani. Nikamwambia, "Dada, shika mabega, mimi nishike kiuno." Akaangalia mikono yake. Akasema, "Nina jeraha la kisu, dada. Na ile damu..." Hakumaliza. Hakuwa na haja ya kumaliza. Ilikuwa ile miaka ya ugonjwa, kila ukoo ulikuwa umezika kijana aliyerudi kutoka mjini amebaki mifupa, na watu walikuwa wanaogopa damu kuliko wanavyoogopa chatu. Nikamfokea, "Mjane wa miaka sitini ana ugonjwa gani? Amepata wapi, kwa ng'ombe?" Wengine wakacheka. Hasira zikanipanda mpaka nikaona giza.

Basi nikaona hawa ni bure kabisa, nitasimamisha gari. Nikaingia barabarani.

La kwanza lilikuwa gari dogo jeupe, mwanamume na mkewe, wamevaa vizuri. Walipunguza mwendo, wakaangalia kule kando ya lami, yule mwanamke akafanya ishara ya msalaba, wakaondoka. Nikawakimbilia nikiligonga gari kwa nyuma. Nakuomba lifti, wewe unaniombea! Likaja basi, likapiga honi ndefu, abiria wote wakahamia dirisha la upande wetu kutazama, likapita. Likaja gari la mradi fulani, milangoni limeandikwa kwa herufi kubwa kwamba linahudumia wananchi. Dereva alisimama kabisa. Moyo ukaniruka kwa furaha. Akanisikiliza huku anaangalia ile khanga, akaingiza mkono mfukoni, akanipa noti. "Poleni sana, mama," akasema. "Pokea rambirambi yangu."

Rambirambi! Mtu mwenye akili angesimama hapo hapo ajiulize, kwa nini huyu ananipa rambirambi? Mimi nilimrushia noti yake usoni. Nilimtukana yeye na aliyemwajiri. Alifunga kioo akaenda zake, nami nikabaki katikati ya barabara naendelea kumtukana moshi.

Sijui ni magari mangapi yalipita. Nilipiga kelele mpaka koo likawasha. Niliwaita madereva mbwa, nikawageukia wale wa kwenye duara nikawaita mafisi wanaongoja mfupa. Kiswahili kiliponiishia niliingia Kichagga, na Kichagga kina matusi ya kutosha siku nzima. Nilipiga yeleuwi mpaka wanafunzi wa shule ya jirani wakatoka nje ya uzio kuangalia. Sikurudi kukaa na mama. Nitarudije? Nani angesimamisha magari? Kila nikigeuka naona khanga iko pale pale, inapanda na kushuka kidogo, nasema bado anapumua, nageukia tena barabara.

Kivuli cha vibanda vya nguo kilikuwa kimeshasogea mpaka kwenye ukingo wa lami nilipoliona isale. Lilikuwa limepandwa mpakani mwa kiwanja cha mtu, majani yake marefu ya kijani, kama linavyopandwa kwetu kila mahali pa mpaka. Kwa asiye wa kwetu, niseme hivi. Ukimkosea mtu kosa kubwa, hata la damu, unakwenda kwake umeshika jani la isale. Hulazimiki kusema mengi. Akishaliona hana ruhusa ya kukufukuza, lazima akusikilize. Wazee wanasema aliyelikataa isale hakufika mbali. Ila linashikwa na mkosaji. Mimi nilikuwa nimemkosea nani? Sikujali. Nilichuma jani, nikalishika kwa mikono miwili kifuani, nikasimama katikati ya barabara, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikanyamaza.

Pikapu moja kuukuu ilikuja kutoka upande wa Boma Ng'ombe, imepakia majani na ndama. Iliponikaribia ikaanza kupunguza mwendo, ikasimama kabisa mbele ya magoti yangu. Akashuka mzee mrefu, kofia mkononi. Aliirudisha kofia ndani ya gari kisha akanijia.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba." Alikuwa anaangalia jani, siyo mimi. "Amekutuma kaka yangu?"

Sikuelewa. Akaendelea kwa upole, "Mwambie sikatai. Niliwaambia hata wanaukoo, siku atakayoniletea isale, hata kama ni barabarani, nitasimama. Ule mpaka wa kihamba tutaupima upya." Maskini, alikuwa na ugomvi wake wa ardhi na ndugu yake, na alikuwa anamngoja mjumbe kwa miaka. Akadhani ndimi.

"Sijatumwa na mtu, baba," nikasema. "Ni mama yangu yule pale. Amegongwa. Nakuomba umpeleke hospitali."

Akaitazama ile khanga, akashusha pumzi. "Pole sana, mwanangu. Lakini maiti siwezi kuibeba bila polisi kujua. Na kwa nini hospitali, kama ameshakwenda?"

"Maiti?" nikasema. "Maiti ya nani?"

Aliwapita watu wa kwenye duara, akapiga goti kwenye changarawe, akashika ncha ya khanga na kuifunua. Kisha akageuka, na sauti yake haikuwa tena ya upole.

"Huyu mtu ni mzima! Amefumbua macho, ananiangalia! Ni nani aliyemfunika mtu aliye hai uso kama maiti?"

Soko zima likaniangalia mimi.

"Heee!" akasema muuza dagaa, mikono kichwani. "Sisi tulijua alishafariki! Wewe binti yake umemfunika mpaka kichwani, nani angejua?" Na wengine wote wakaanza, kumbe, kumbe, tulijua marehemu, tulijua tunangoja polisi waje kuchukua mwili. Mzee mwenye koti akasema hata yeye alishangaa kwa nini nahangaika na magari badala ya kupeleka taarifa nyumbani. Hawakuwa wote wanasema kweli. Wapo waliomwona anagongwa, wapo waliomwona anapumua kabla sijamfunika. Lakini wapo waliokuja baadaye, na hao nawaamini, kwa sababu ghafla mikono ikapatikana. Walikata majani ya migomba wakayazungushia mikononi wasiguse damu, wakamwinua kwa majani, watu sita, wakamlaza kwenye pikapu juu ya malisho ya ndama. Muuza dagaa alishika mabega. Na jeraha lake.

Nilikaa nyuma na mama, kichwa chake mapajani kwangu. Ndama alikuwa anamnusa miguu. Tulisimama kituo cha polisi cha njiani kuchukua ile karatasi, maana bila hiyo tungerudishwa, na yule mzee akaulizwa maswali kwa namna ambayo hata mimi nilianza kumshuku. Alikuwa anatoka wapi? Breki zake zina hali gani? Damu hii kwenye majani imetoka wapi? Akamwambia askari, "Mwanangu, andika unachotaka kuandika juu yangu, funguo za gari nitakuletea jioni ulikague, ila nipe karatasi sasa." Nadhani askari aliona aibu. Akaandika. Tulipopita Weruweru midomo ya mama ilikuwa imekauka na nilikuwa nailowesha kwa ncha ya khanga. Hospitali walimpokea vizuri, sina la kuwalaumu, walikimbia na kitanda mpaka mlangoni.

Alikaa siku tatu. Siku ya tatu mchana, wakati uji unagawiwa wodini, akafa.

Sasa nisikilize. Watu wetu wanajua kuzika. Wachagga tunaweza kukosana kwa mwaka mzima juu ya mche mmoja wa mgomba, lakini akifa mtu, hutaona pa kukanyaga. Walipanda kutoka Kwa Sadala kwa miguu. Walileta ndizi, walileta maziwa, sukari, kuni. Mzee mwenye koti alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, alivua lile koti na kulitundika kwenye mbuni wa mama. Muuza dagaa alifika alfajiri siku ya kwanza, akajifunga khanga mbili, akashika sufuria kubwa kuliko yote na hakuliachia mpaka tulipozika. Alilia mpaka macho yakavimba. Nami nilikuwa nawaangalia kutoka dirishani nikisema moyoni, angalieni mikono hiyo yote! Nyie watu, siku ile mlikuwa mmeificha wapi?

Mimi ndiye mtoto mkubwa. Baba mdogo akaniambia, baada ya mchungaji kumaliza, utasimama utoe neno la shukrani. Nikasema nitatoa. Usiku nilikuwa nimelipanga neno langu lote. Ningewaanza mmoja mmoja. Ningemwambia mzee mwenye koti, ardhi hii ya kaburi umeishika bila kungoja polisi. Ningemwambia muuza dagaa, jeraha lako limepona haraka. Ningewasimulia juu ya shemeji. Nilikuwa nayo maneno ya kumfanya kila mtu ashindwe kula chakula cha matanga, na haki ya Mungu niliyataka. Ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimebaki nacho.

Baba mdogo akaniita. Nikasimama kando ya udongo. Wote wakanyamaza, wananingoja, wengine wameinamisha vichwa kabisa, maana walinijua na walijua kinachokuja. Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Asanteni kwa kuja kumzika mama." Nikakaa.

Walidhani nimezidiwa na uchungu. Muuza dagaa alikuja akanikumbatia, akaniambia lia, dada, lia, usijizuie. Waliendelea kunisifu kwa miaka, eti nilikuwa na moyo wa kusamehe. Mimi? Sikumsamehe mtu. Nilishindwa tu kusema, na kilichonishinda sijamwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Siku ya pili wodini, mama alifumbua macho akanitambua. Alizungumza Kichagga, polepole, sauti ya mtu aliyebanwa kifua. Nilifurahi mno mpaka nikaanza kupayuka. Nikamwambia, mama, nimewaonyesha wale. Nikamsimulia nilivyowatukana madereva, nilivyorusha noti, nilivyowaita mafisi, nikidhani atacheka kama alivyokuwa akicheka zamani nikimgombeza mtu sokoni.

Hakucheka. Akasema, "Nilikusikia."

"Ulisikia, mama?"

"Nilisikia yote. Nilisikia wanasema nimekufa. Walikuwa karibu, nilikuwa nasikia hata viatu vyao." Akapumzika. "Nikawa nakuita. Nasema niko hai, njoo unitoe hii nguo usoni. Wangenisikia, mwanangu. Lakini wewe ulikuwa unapiga kelele."

Nilimshika mkono. Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua unaanzia wapi. Nikamuuliza swali la kijinga, lile pekee lililonijia mdomoni. Nikasema, "Uliniita mara ngapi, mama?"

Alifumba macho.

"Mpaka nikachoka," akasema.